Kuosha Bahari ya Bibi

Tangu mashine ya kuchimba bandari ianze kunguruma, maji ya Gamulgae, kijiji cha kisiwani, yaligeuka rangi ya maji ya kuoshea mchele, na Bu Gyesun akabaki mwanamke pekee kijijini aliyeendelea kuzamia. Wenzake walijaribu kwa muda, wakaona kwamba chini ya maji hawaoni hata viganja vyao wenyewe. Wakatundika mavazi yao ya mpira misumarini, wakaenda kung'oa karoti mashambani. Karoti haina utamu wa bahari, lakini angalau mtu huiona anapoing'oa.

Gyesun alikuwa anakaribia miaka themanini. Nchi kavu mgongo wake ulikuwa umepinda, akitembea kwa kusukuma kigari cha mtoto mchanga ambacho hakikubeba mtoto bali boya lake, wavu wake na chuma cha kung'olea konokono. Akiingia majini ananyooka. Ndiyo maana hakuacha. Mtu haachi mahali pekee duniani ambapo mgongo haumuumi.

Mahali penyewe paliitwa Bahari ya Bibi. Hiyo ilikuwa desturi ya kijiji, na sijapata kusikia aliyeivunja akasalimika na ndimi za wanawake. Kina kirefu ni cha wenye mapafu yenye nguvu. Maji ya kina kifupi, yale yaliyo karibu na miamba, yameachiwa wazee, na msichana akithubutu kuokota hata konokono mmoja pale atasimangwa mpaka aolewe, na akishaolewa atasimangwa mumewe. Gyesun aliitumikia desturi hiyo ujana wake wote. Alikwenda mbali kwenye mawimbi makali, akawaachia bibi za watu maji yao, akijua zamu yake itafika. Ikafika. Na ilipofika, zikaja mashine.

Aliingia katika Bahari ya Bibi pamoja na Hyeon Malsun, mwenzi wake wa maji. Hakuna mzamiaji wa kisiwa kile anayezamia bila mwenzi. Mmoja akiibuka hutoa pumzi kwa mluzi mwembamba, na mwenzake akiusikia hujua kwamba mambo ni salama, naye huzama kwa amani. Gyesun na Malsun walipigiana mluzi huo tangu wakiwa wasichana. Waliolewa, wakazaa, wakawazika waume zao, watoto wakahamia Seoul na kwingineko, na mluzi ukabaki palepale. Kisha Malsun akafa majira ya baridi yaliyopita, kitandani, kwa mapafu, baada ya kukiepuka kifo cha baharini maisha mazima. Tangu siku hiyo Gyesun akiibuka hupiga mluzi kwa mazoea, halafu husubiri kidogo, kisha huona haya kama mtu aliyempungia mkono asiyemjua.

Hata pale kwenye ukuta wa mawe ambapo wazamiaji huota moto, alikuwa peke yake. Zamani kila mtu alikuwa na mahali pake kwa cheo, na wakubwa walikaa upande usiopigwa na moshi. Sasa pande zote zilikuwa zake. Alikaa palepale pa siku zote, na moshi ukamfuata.

Chini kabisa ya Bahari ya Bibi palikuwa na mwamba mkubwa ulioinama kama paa la kibanda, na ubavuni mwake waliishi sifongo. Walikuwa wa rangi ya chungwa na wa manjano, wameshikamana na jiwe, wanene, watulivu, hawana macho, hawana miguu, hawana haraka. Hawaliwi wala hawauzwi. Malsun aliwapenda bure tu.

"Wanafanya kazi gani hawa?" Gyesun alimwuliza zamani.

"Hawafanyi kazi. Wamekaa tu," Malsun alimjibu. "Na mimi nataka siku moja nikae tu, lakini mama mkwe wangu hataki kusikia habari hiyo."

Ikawa wanauita Mwamba wa Malsun, na kijiji kizima kikafuata.

Mwanzoni mwa kiangazi mwenyekiti wa chama cha wavuvi, Ko Seongil, aliwaita watu ukumbini. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo na huruma, vyote viwili vikubwa kuliko uwezo wake. Kando yake alikaa msichana mwenye nywele fupi na pua iliyobabuka kwa jua. Aliitwa Tak Eunbi, mtafiti wa bahari kutoka bara.

"Mimi nimekuja kwa ajili ya sifongo," alisema Eunbi.

Watu wakacheka. Kang Okhwa, jirani yake Gyesun, mwenye mdomo usiojua kufunga duka, akasema kwa sauti, "Tumezamia miaka hamsini hakuna aliyekuja kwa ajili yetu!"

Eunbi naye akacheka, kisha akaeleza. Sifongo hunywa maji ya bahari mchana na usiku, huyachuja na kuyarudisha yakiwa safi, kwa hiyo tope likizidi wao ndio wa kwanza kuumia. Na makubaliano na kampuni ya bandari yalikuwa hivi: palipo na sifongo hai, ukuta mpya wa bandari hautajengwa. Utasogezwa upande wa pili, na kuchimba kutasimama mpaka maji yatulie. Palipokwisha kufa, mawe yatamwagwa.

"Na nani atasema kama wako hai?" Gyesun aliuliza.

"Mimi, samchun." Kisiwani humo mtu mzima yeyote, mwanamume au mwanamke, huitwa samchun, na ilimpendeza Gyesun kwamba mtoto wa bara amejifunza. "Bahari ikitulia wiki ijayo nitazamia kwenye Mwamba wa Malsun. Naambiwa wewe ndiye unayepajua."

"Nani mwingine?" alisema mwenyekiti. "Samchun Gyesun ndiye mwenyeji pale. Sisi wengine tumeshahama."

Neno hilo, mwenyeji, lilimwingia Gyesun moyoni likakaa. Alirudi nyumbani akisukuma kigari chake haraka mpaka magurudumu yakalia. Tangu Malsun afe hakuna mtu aliyetaka kwenda naye mahali popote. Sasa anakuja mgeni, na anakuja kwake, chini kule. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na mama huyu alikuwa na mengi ya kuponywa. Bahari ya Bibi ingeokolewa. Angezeeka mle. Hakuomba zaidi ya hilo, na mimi sioni kama ni maombi makubwa.

Asubuhi alizama kwenda kuangalia. Tope laini lilikuwa limekaa juu ya kila kitu. Alipeleka uso karibu na mwamba, akashtuka. Sifongo walikuwa wametokwa na utando, kitu chepesi cha kuteleza mfano wa kamasi, kinaning'inia vipande vipande na tope limeganda juu yake. Rangi ya chungwa haikuonekana.

Akaibuka, akapiga mluzi wake. "Wanaoza," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. "Mgeni anakuja, na nyumba yenyewe ndiyo hii!"

Sasa lazima ujue kwamba wanawake wa pwani ile husugua miamba. Kila mwaka, kabla ya mbegu za mwani kushika, hutoka wote na vyuma na brashi, wakainama kwenye mawe, wakakwangua magugu na uchafu mpaka jiwe likawa jeupe, na mwani mzuri ukaota juu yake. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na katika kazi hiyo Gyesun hakuwa na mpinzani. Mwamba aliousugua yeye ulijulikana kwa mbali. Basi alipoona uchafu juu ya jiwe mikono yake haikuuliza swali. Ilijua.

Kesho yake Okhwa alimwona akipita na kigari, brashi ya sufuria imechomoza juu ya wavu.

"We Gyesun! Hiyo brashi unaipeleka wapi?"

"Kuosha bahari."

"Haya mambo! Mashine inatapika tope kutwa kucha, na wewe una brashi ya sufuria! Anza na sufuria zako kwanza, mimi nimekunywa supu yake, najua ninachosema."

"Badala ya kusema sana, njoo tusaidiane."

Okhwa akatazama chini, akaokota karoti iliyomdondoka. "Goti langu hili."

"Goti lako linauma baharini tu. Kwenye harusi linacheza ngoma."

"Cheka tu. Lakini sheria unaijua, dada. Hakuna kuzamia bila mwenzi. Siku moja tutakuokota."

"Basi njoo uwe mwenzi."

Okhwa akaifuta karoti yake udongo. Naye alikuwa mzee, na aliogopa maji yasiyoonyesha kitu. Gyesun alingoja kidogo, kisha akasukuma kigari chake.

Alisugua siku ile, na iliyofuata, na nyingine zote mpaka bahari ikatulia. Alizama, akashika ncha ya mwamba kwa mkono mmoja, akasugua kwa mkono wa pili mpaka kifua kikawaka, akapanda, akapiga mluzi, akazama tena. Utando ulitoka kwa urahisi. Palipokaidi alitumia ncha ya chuma, taratibu, kama mama anayemwogesha mtoto nyuma ya masikio. Na chini ya utando rangi ilirudi! Chungwa lenyewe, bichi, linang'aa kupita hata alivyolikumbuka. Moyo wake ulifurahi. Alianza kuzungumza na Malsun kila alipoibuka. "Umeona yule mnene wako? Nimemtakatisha. Na yule wa manjano, yule uliyemwita Mkwe, naye kapendeza." Zilikuwa siku njema kuliko zote tangu msiba. Alikuwa na kazi, alikuwa na watu wa kuwahudumia, na alikuwa akimngoja mgeni.

Eunbi alikuja na chupa ya hewa mgongoni. Gyesun aliitazama chupa ile akasikitika.

"Mwanangu, na hiyo ndiyo unaita kuzamia? Hiyo ni kuhamia."

"Mapafu yangu ni ya ofisini, samchun. Nisamehe."

Waliingia pamoja. Gyesun alitangulia, akamwonyesha mwamba kwa kiganja kilichofunguliwa, kama mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni. Eunbi akawasha taa, akasogea. Gyesun alipanda kuvuta pumzi, akashuka, akamkuta palepale. Akapanda tena, akashuka tena, bado yupo, taa yake inatembea polepole kutoka sifongo mmoja hadi mwingine. Mgeni huyu hakupanda naye, na juu hapakuwa na mluzi wa kuujibu wa kwake. Hata hivyo chini kulikuwa na mtu. Kila aliposhuka palikuwa na mtu. Gyesun alijisemea, amependa, ndiyo maana hatoki.

Walipotoka aliwasha moto kwenye ukuta wa mawe, akapakua uji wa kombe alioupika toka alfajiri. Mwenyekiti Ko naye akafika, akipangusa jasho, akaketi.

Eunbi alipokea bakuli kwa mikono miwili. Hakula.

"Samchun," alisema, "kuna mtu amewasugua wale sifongo?"

"Ni mimi!" Gyesun alisema kwa furaha. "Ungewaona kabla! Wametokwa na kamasi, wananuka tope, aibu tupu. Uliona rangi ilivyorudi?"

Eunbi aliliweka bakuli chini juu ya jiwe.

"Zile hazikuwa kamasi za ugonjwa, samchun. Ndivyo wanavyojisafisha. Tope likiwaziba wanatoa utando, utando unashika tope, halafu unabanduka na maji yanauchukua. Wanafanya hivyo tena na tena. Walikuwa wanajiosha wenyewe. Polepole, lakini walikuwa wanaweza."

Moto ulilia. Gyesun alisubiri aambiwe lililobaki, ingawa alikwisha kulijua.

"Na brashi?"

"Wana vitundu mwili mzima, vidogo kuliko tundu la sindano. Wanakula na kupumua kwa hivyo. Brashi imelisukuma tope ndani. Na ngozi imechunika. Ile rangi uliyoiona... Ile ni nyama yao, samchun. Wengi wamekwisha kufa. Waliobaki hawatamaliza wiki."

Ko Seongil alikohoa. "Haya, ngojeni. Hatuna haja ya kusema brashi. Tuseme ni tope la mashine. Si uongo hasa, mashine ndiyo iliyoanza."

"Mwenyekiti, hata nikisema ni nani, haisaidii. Makubaliano hayaulizi nani ameua. Yanauliza kama wako hai."

"Na huwezi kusema wako hai?"

"Kampuni nayo ina wazamiaji wake. Watakwenda kutazama kesho."

Ko Seongil akaanza kuchokoa moto kwa kijiti bila sababu. Gyesun aliitazama mikono yake. Ilikuwa imekunjamana kwa maji, kucha zimejaa uchafu wa chungwa ambao asubuhi aliuona kuwa ni tope. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alitamani wangeuawa na mashine. Mashine angeilaani mbele ya watu, watu wangelaani pamoja naye, na laana ya wengi ni mzigo mwepesi. Hii ilikuwa yake peke yake. Aliwaua watu wa Malsun kwa mikono miwili, huku amefurahi.

"Wote?" aliuliza.

"Kuna mmoja. Yuko chini kabisa, ndani ya ufa upande wa nchi kavu. Nadhani mkono wako haukufika."

"Huyo yukoje?"

"Mchafu," Eunbi alisema. "Ana tope mwili mzima, ana utando, ananing'inia kamasi. Mzima kabisa."

"Mmoja anatosha?"

"Hatoshi, samchun."

Binti alikuwa analia sasa, waziwazi, pua yake iliyobabuka ikizidi kuwa nyekundu. Gyesun akalichukua bakuli juu ya jiwe, akalirudisha mikononi mwake.

"Kula, mwanangu. Wewe hukufanya kosa lolote. Na uji huu ukipoa hauliki."

Eunbi akala huku analia, kwa sababu hakujua namna ya kukataa. Gyesun alimtazama mpaka akamaliza.

Kampuni haikuchelewa. Wazamiaji wake walikwenda, wakaona, wakatia sahihi kwamba sifongo wamekufa, na nina hakika walilala usingizi mzuri. Mwenyekiti Ko alipita nyumba kwa nyumba akisema ni tope la mashine, kwa huruma yake ile. Gyesun alipita nyuma yake kwenye nyumba zilezile akisema ni brashi yake. Watu hawakumgombeza. Walisema, "Ah, samchun, yamekwisha hayo," wakamkaribisha chai, na alijua wanangoja aondoke ndipo wazungumze. Okhwa peke yake ndiye aliyefunga mdomo. Alikaa naye kizingitini mchana mmoja mzima bila neno, halafu akaenda zake.

Asubuhi ya siku ya kumwaga mawe Gyesun alisukuma kigari chake kwenda ufukweni. Hakubeba wavu, wala chuma, wala brashi. Okhwa alikuwa mlangoni.

"Unakwenda kufanya nini tena huko? Hakuna kitu."

"Nakwenda kumtazama mtu."

Alizama upande wa nchi kavu, akaufuata mwamba mpaka chini, akapapasa mpaka akauona ufa. Hakuwa amewahi kuingiza uso mle. Sifongo alikuwepo, mdogo, amejaa tope, utando unamning'inia kama alivyoambiwa. Mkono wa Gyesun ulitangulia wenyewe kabla hajaukataza. Akaurudisha. Akauweka kwapani, na wa pili akauweka kwapani, akabaki amejikumbatia mwenyewe chini ya bahari, anatazama.

Alipanda kuvuta pumzi, akashuka. Akapanda, akashuka. Bado palikuwa vilevile, naye akarudisha mikono kwapani. Kisha, wakati kifua kilikuwa kinaanza kumwaka, ukingo mmoja wa ule utando ukainuka. Ulibanduka taratibu, pamoja na tope lake lote, ukajikunja, ukatoka kwenye ufa, ukapita mbele ya macho yake na kwenda na maji. Chini yake sifongo alikuwa safi. Hakuna aliyemsaidia.

Alipoibuka na kupiga mluzi, lori la kwanza lilikuwa limekwisha kurudi kinyumenyume mpaka ukingoni, limejaa mawe. Dereva alikuwa ameteremka. Alisimama na kofia mkononi, kwa heshima, anamngoja ajuza atoke.

Gyesun akaogelea mpaka ufukweni, akatoka.